Laki Tatu, Kisiwa Kimoja

Konde hadi Mkoani ni mwendo wa asubuhi moja,
ukisimama Chake kunywa chai.
Baba alisimama zaidi ya hapo.
Alisimama kwa kila aliyenyoosha mkono,
kwa mbuzi, kwa mgonjwa, kwa gunia la karafuu lililolowa,
na Pijo yake mia nne na nne, rangi ya maziwa yaliyolala,
ikaizunguka Pemba miaka hamsini.
Mita imerudi sifuri mara tatu,
sasa inasoma sabini elfu na ushei.
Shaame, kaka yangu, kapiga hesabu kidoleni:
"Imebaki kidogo ifike mwezini."
Na haijapata kuona barabara
isiyoishia majini.

Shangazi Zuwena kapiga simu kutoka Suri:
"Nileteeni gari ya ndugu yangu.
Nilitolewa bibi harusi ndani yake,
sitaki kufa sijaipanda tena."
Basi tumeipanga safari: Konde, Mkoani, meli ya kwanza,
Unguja siku tatu za mihuri,
kisha yeye kwenye kontena, sisi angani,
tukutane Maskati, tushike njia
Suri, halafu Salala, siku kumi na mbili,
jangwa upande huu, na upande huu jangwa.
Shaame kanunua miwani ya jua. Mie nimenunua mikanda ya feni, minne.

Bandarini Malindi, Ofisa Vuai
ana kalamu mbili sikioni na haijui hata moja.
"Petroli robo tu. Betri ifunguliwe.
Ndani pasibaki kitu."

Ndani pasibaki kitu.
Nikapiga magoti kwenye saruji ya moto
nikaingiza mkono chini ya kiti cha nyuma:
shanuo la mama, lenye meno matano;
kiatu cha Idi cha mguu wa kushoto
(changu, wallahi, nilichapwa kwa ajili yake);
spana namba kumi, ile ile
iliyomnunisha jirani Mbarouk miaka miwili,
akazikwa hajatuamini;
na karafuu. Kwenye mishono, kwenye reli za viti,
ndani ya kibati cha majivu. Karafuu.

Vuai akanusa. "Bibie, magendo haya?"
"Hazijai konzi, afande, na zimo humo tangu sijaolewa."
Akachagua moja, akaibana kwenye jino bovu,
akagonga muhuri.

Katika kisanduku cha mbele, daftari la mafuta.
Lita, shilingi, tarehe, lita, shilingi,
na katikati, mwaka ambao petroli haikuonekana,
mwandiko wa baba umeegemea kulia:

    Gari yangu si ya mbio, ni ya kwenda na kushuka,
    Mwenye pupa na kilio, apande chenye kuruka,
    Mimi kwangu kimbilio, ni usukani kushika,
    Lau bahari ni njia, leo ningekwishafika.

Nikamsomea Shaame. Akavaa miwani yake
ingawa tulikuwa kivulini.

Ikabaki fomu. Mstari wa tisa: Thamani.
"Andika ndogo," Shaame akaninong'oneza, "ushuru."
"Andika kubwa," akasema wakala, "bima."
Vuai akatoa kalamu moja sikioni, akanipa.
Nikaandika nambari. Si ndogo, si kubwa.
Ilikuwa uongo tu, kama nambari yoyote
ambayo ningeiandika pale.

Wakaisukuma kwa mikono, watu sita,
kwani betri ilikwishafunguliwa
na saa ya dashibodi imelala saa nne na dakika sita.
Wakaifunga kamba magurudumu yote manne
kama ng'ombe wa Idi. Mlango ukabamizwa.
Kreni ikainua sanduku la bluu
na mimi nikasikia, au nilidhani nasikia,
kitu kidogo kikibiringika humo ndani.

Tukiwa njiani kutafuta mkate wa ufuta
ndipo nilipokumbuka mita.
Ataivuka bahari yote, maji yote yale,
na nambari haitasogea hata moja.
Baba angegoma.
Angesema: safari gani hiyo,
unafika, na hukutoka?